Kasia Mkononi, Funguo kwa Eli

Jumamosi, Juni. Manyunyu tangu asubuhi.

Mabega yananiuma na nina furaha nayo. Ni maumivu ya kwanza mwaka huu ambayo nimeyatafuta mwenyewe.

Tunakaa Savage, mji mdogo huku ughaibuni, apatimenti ya ghorofa ya pili, karibu na viwanda vya mtoni. Mume wangu Eli huondoka na gari kabla sijaamka. Basi halifiki huku. Viza yangu ni ya mke wa mtu, hairuhusu kazi. Shahada yangu ya umwagiliaji, niliyoisomea Wuhan kwa Kichina, imelala ndani ya sanduku chini ya kitanda.

Nafua nguo ambazo hazijachafuka.

Leo Eli alinipeleka mjini Saint Paul, kwenye duka la Wachina, ninunue mchele na tangawizi. Yeye alibaki garini na gazeti. Pale mlangoni mama mmoja mfupi alikuwa anabandika tangazo la mashua za joka, zile ndefu za Kichina za kushindana kwa makasia: mazoezi leo, ziwani, wageni karibuni. Nililisoma kwa sauti, kwa Kichina, bila kufikiri.

Yule mama aligeuka akanitazama. "Umejifunzia wapi?"

"Wuhan."

"Na kasia je, unajua?"

Nikamwambia ukweli. Mwaka wangu wa kwanza kule, nilipokuwa simjui mtu, nilifuata sauti ya ngoma mpaka ziwani. Wanafunzi waliokuwa wakijipanga kwenye mashua wakanisogezea nafasi na kasia kabla ya kuniuliza jina. Nilipiga kasia nao mpaka nilipohitimu.

"Basi unangoja nini?" akasema. Anaitwa Bi Lin, na ndiye mpiga ngoma wao, anayewapa mwendo wapiga kasia.

Eli alikubali nusu saa. Aliegesha gari juu ya kilima kando ya ziwa, vioo vimefungwa.

Nilikaa benchi la katikati, sketi ya kanisani imekunjwa magotini, koti la kuokolea maisha la mtu mwingine kifuani. Ngoma ilipoanza nilichelewa kidogo, kisha mwili ukakumbuka kabla yangu. Inama, zamisha, vuta. Kila mtu alikuwa anahema na mimi nilikuwa nahema nao. Hakuna aliyeniuliza mume wangu anafanya kazi wapi.

Nililia kidogo. Kwa mvua ile hakuna aliyejua.

Nusu saa ilipita na zaidi. Niliporudi garini, Eli alitazama kiti kwanza.

"Umelowa chapachapa."

"Nataka kuja kila Jumamosi."

"Nani atakuleta? Jumamosi nyingi nina ovataimu, unajua."

"Nifundishe gari."

"Tutaona."

Hilo "tutaona" nimelisikia tangu theluji ya kwanza. Eli si mtu mbaya. Amechoka, na anaogopa barabara za huku kuliko anavyokiri. Lakini leo sikunyamaza.

"Eli, wewe una kazi, una gari, una hata watu wa kugombana nao. Mimi nina wewe tu."

Tulivuka daraja la mto.

"Nilikuleta huku tuwe pamoja," alisema polepole.

"Pamoja ni jioni. Mchana niko peke yangu na friji."

Tulipofika alizima gari, akapanda juu na mchele begani. Mimi nilibaki nimeketi mpaka vioo vikaingia ukungu. Kule Wuhan nilikuwa mgeni zaidi kuliko hapa, na nilikwenda popote miguu iliponipeleka. Hapa nina mume, kanisa la Watanzania wenzangu, zulia ukuta hadi ukuta, na siwezi kwenda kununua chumvi.

Sasa amelala mbele ya televisheni. Naandika kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa mtandao unapita kwenye waya wa simu, hata mtu akitaka kunipigia hatanipata. Bi Lin ameniambia nafasi yangu itakuwa benchi lile lile. Sikumwahidi kitu. Ningemwahidi nini, na funguo ziko mfukoni mwa mtu mwingine?

Je, mtu anaweza kumpenda mumewe na bado kuhesabu kuta?

Mimi naweza.

Kesho, ibada ikiisha, sitazunguka kwenda upande wa abiria. Nitafungua mlango wa dereva, niketi, nifunge mkanda. Eli akitaka kurudi nyumbani, atanikuta hapo.