Matoke Yaliyopoa

Kituo cha Utafiti wa Mazao,
9 Februari

Shangazi yangu Nnaalongo,

Natumai barua hii inakukuta goti limetulia na mapacha wako wanakula wakashiba. Mimi mwili ni mzima. Moyoni nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia ila wewe.

Unajua kazi yangu ni kuendesha ile mashine inayobonyeza chakula kilichopikwa, iwe muhogo, viazi au ndizi, kisha inatoa namba ya ugumu wake. Juzi tuliwaita wanawake sita wa kijijini waonje matoke ya ile mbegu mpya ya ndizi. Walipika kwa heshima zote: wakafunga kwenye majani ya mgomba, wakaponda yakiwa humo humo, wakarudisha sufuriani yakae na mvuke. Tulipopakua, Mama Najjuko, mkubwa wao, akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalirudisha sahanini. Akasema haya yanadanganya yakiwa moto, lakini yakipoa kidogo tu yanakuwa gogo. "Sasa mgeni akichelewa njiani, nimpe kuni atafune?" Wenzake wakamjibu kwamba mgeni huyo hatarudi tena, labda ndivyo mwenyeji anavyotaka.

Daktari Lubowa, bosi wangu, hakucheka. Aliwaambia mashine imeshapima, matoke ni laini, na kidole hakina namba. Akawapa soda, akawaaga. Shangazi, watu waliopika tangu utotoni wanaambiwa hawajui chakula kilicholainika. Na yeye mwenyewe mchana nilimwona akisukuma matoke yale pembeni, akamaliza mchuzi wa karanga peke yake.

Nilimfuata ofisini. Nikamwambia mashine inapima matoke yakishaepuliwa tu, na kwetu hakuna anayekula kwa kukimbizana na mvuke, tunangojana. Akanijibu nisimletee mambo ya jikoni maabarani, mbegu itagawiwa mvua zikianza.

Mficha uchi hazai, shangazi, kwa hiyo nikwambie na langu. Mwaka jana vidole vyangu viliniambia yaleyale aliyoyasema Mama Najjuko. Nikapima matoke yaliyopoa, namba ikapanda karibu mara tatu. Daktari akasema ukurasa ule unaichafua ripoti. Niliuchana mimi, kwa mikono yangu, nikatia sahihi kwenye zilizobaki, kwa sababu niliona aibu kuitwa msichana wa shamba. Ripoti ile ndiyo aliyokusomea bwana shamba, nawe ukaniandikia kwa furaha kwamba utang'oa Nakitembe, ndizi ya asili ya babu, upande ndizi ya mwanao.

Using'oe. Leo nimepima matoke upya, Mama Najjuko akiwa amesimama ubavuni mwangu. Karatasi yenye namba zote mbili, za moto na za baridi, nimeibandika kwenye mlango wa Daktari. Nakala yake nimeitia humu, msomee bwana shamba mbele ya watu. Wakinifukuza kazi nitakuja tupalilie pamoja.

Nisalimie majirani wote, na mapacha uwakumbatie kwa niaba yangu. Na ule mgomba wa Nakitembe kando ya jiko, ulipofukia kondo la nyuma nilipozaliwa, kama umeshaupitishia panga, niambie. Usinifiche kama nilivyokuficha mimi.

Ni mimi mwanao,
Nassuuna