Ombi la Katibu la Kuazimwa Vitenzi

Kumbukumbu za kikao cha saba cha Kikundi cha Kiingereza cha Watu Wazima, kilichofanyika Jumapili, tarehe 23, kuanzia saa tisa alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la Mwenyekiti.

WALIOHUDHURIA
1. Mama Cherehani – Mwenyekiti, mshika vihusishi
2. Mpanga barua mstaafu wa posta – Katibu, mshika nomino
3. Fundi Bomba – mshika vitenzi
4. Muuguzi – mshika viwakilishi (alichelewa, alitoka zamu)
5. Muuza Maziwa – mshika vivumishi

WASIOHUDHURIA
1. Kinyozi – mshika vielezi (bila udhuru, kama kawaida yake)
2. Mwalimu – alihama, wala hakuaga

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuwaomba wasikalie nguo za wateja. Alikumbusha utaratibu tulioachiwa na Mwalimu: kila mjumbe ashike aina moja ya maneno ya Kiingereza, aijue barabara, na muhula ukiisha wajumbe wabadilishane. Muhula uliisha. Mwalimu alipata kazi kwingine akaondoka kabla ya mabadilishano, na tangu hapo hakuna aliyegusa cha mwenzake. Mwenyekiti alisema kwamba sasa kila mmoja ni bingwa wa fungu lake na bubu kwa mengine yote.

Muuguzi, akiwa ndiyo kwanza anavua viatu, alisema hilo lilijulikana zamani, ila watu waliona haya kulisema.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Fundi Bomba alipinga sentensi isemayo kwamba katika kikao cha sita alilala. Alitaka isomeke kwamba alifumba macho akivipitia vitenzi vyake moyoni. Katibu alieleza kwamba mtu anayepitia vitenzi moyoni hakoromi. Fundi Bomba alisema kwamba kuna watu wamepewa kalamu wakadhani wamepewa rungu. Mwenyekiti aliamuru neno "alilala" liondolewe na liandikwe "alipumzika". Limeondolewa. Alikoroma.

KUMB. NA. 3/7: OMBI LA KATIBU

Katibu aliomba kuazimwa vitenzi kabla ya mabadilishano, na aliruhusiwa kueleza sababu.

Alieleza kwamba mwanawe wa pekee, aliyekuwa akiishi ng'ambo, alifariki mwaka jana na kuacha mke na binti wa darasa la pili. Mjukuu huyo hajui Kiswahili. Marehemu alipokuwa hai ndiye aliyekaa katikati ya simu: babu anasema huku, yeye anageuza, mtoto anacheka kule. Siku hizi mtoto hupiga simu Jumapili na hakuna mtu katikati.

Muuza Maziwa aliuliza wanazungumza nini basi. Katibu alijibu kwamba yeye ni mshika nomino, kwa hiyo humtajia mtoto vitu. Humtajia mlango, dirisha, mvua, kiatu. Mwanzoni mtoto alidhani ni mchezo na akawa anacheka. Jumapili iliyopita aliuliza kitu kirefu, kwa sauti ya chini. Katibu hakuelewa, akamjibu "sufuria". Mtoto alilia hadi mama yake akaichukua simu.

Mkwe ametuma ujumbe kupitia rafiki wa marehemu, anayejua lugha zote mbili. Ameomba radhi kwanza. Kisha amesema kwamba leo mtoto atapiga tena, na akiiacha simu akilia, itakuwa ndiyo ya mwisho, kwa kuwa naye ana msiba wake na hawezi kumbembeleza mtoto kila Jumapili usiku. Katibu alisema hamlaumu. Aliomba simu yake iachwe wazi juu ya meza wakati wa kikao, na ikakubaliwa.

Fundi Bomba alipinga kutoa vitenzi. Maneno yake yaliandikwa kama alivyoyasema: "Mzee, hivi vitenzi nimevitolea jasho. Niliviandika kwa chaki kwenye mabomba ya watu, nikalala navyo, nikaamka navyo. Nikikupa, mimi nibaki na nini?"

Muuguzi alisema: "Jamani, mtu anaomba maneno, haombi figo."

Fundi Bomba alijibu kwamba Muuguzi haelewi. Wiki nzima watu humwita kwa ajili ya vyoo vyao, na akimaliza humwonyesha mlango. Hapa ndipo mahali pekee anapoulizwa jambo ambalo halitoki kwenye sinki. Alisema hayo akiitazama spana yake.

Muuza Maziwa alijitolea kumpa Katibu vivumishi vyote bure, kwa kuwa havijamsaidia kuuza hata lita moja. Katibu alishukuru. Aliongeza, bila kuombwa, kwamba posta alizoea kupanga barua za watu wengine, na kwamba tangu astaafu hakuna anayemwita kwa jina kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Redio yake huiwasha ili pawe na mtu anayeongea. Mwenyekiti alimkumbusha kwa upole kwamba hilo haliko kwenye ajenda. Katibu alikubali kwamba haliko.

Uamuzi: Mwenyekiti alimtaka Fundi Bomba akalifikirie ombi hilo nyumbani. Fundi Bomba alisema atalifikiria. Katibu alisema nyumbani ni mbali na simu italia leo.

KUMB. NA. 4/7: HATIMA YA CHUMBA

Mwenyekiti alieleza, akionekana kutopenda anachokieleza, kwamba kaka yake mwenye jengo anataka chumba hiki kwa ajili ya kuweka marobota ya vitambaa kuanzia mwezi ujao. Alipendekeza kikundi kivunjwe. Alisema kwamba hata hivyo wanaohudhuria wamebaki watano, mwalimu hakuna, na kila mtu amechoka ila hataki kuwa wa kwanza kusema.

Walioafiki walikuwa Mwenyekiti, Muuguzi na Fundi Bomba. Katibu alipinga. Muuza Maziwa alikuwa nje akiangalia baiskeli yake, na aliporudi alisema yuko upande wowote usio na ugomvi. Azimio lilipita. Katibu aliombwa asionyeshe uso huo.

KUMB. NA. 5/7: MENGINEYO

Kabla halijaletwa jambo lolote, simu ya Katibu iliita mezani. Katibu aliitazama. Mwenyekiti alisema: "Pokea, baba, pokea! Weka tusikie wote." Katibu aliweka sauti ya nje.

Mtoto aliamkia. Katibu aliitikia. Kisha mtoto akauliza swali. Katibu alilitambua kwa sauti yake: ni lile la Jumapili iliyopita. Alikuwa akiliuliza polepole, kama anayemuuliza mtu mgonjwa.

Katibu alisema kwamba katika Kiingereza hicho amesikia "babu" tu, na hilo ni yeye. Aliwatazama wajumbe.

Muuguzi alinong'ona kwamba amesikia "nani" na "wewe", ana hakika kabisa. Mwenyekiti alisema kuelekea mwisho kuna "pamoja na", hilo ni la kwake. Kulikuwa na neno dogo baada ya hapo ambalo halikutambuliwa, kwa kuwa Kinyozi, mshika vielezi, hayupo. Wote walimgeukia Fundi Bomba. Fundi Bomba alikuwa amefumba macho. Mwenyekiti alimpiga kiwiko.

Fundi Bomba alifumbua macho akasema: "Kuishi. Kitenzi ni kuishi. Mtoto anauliza unaishi na nani."

Cherehani za mbele zilisikika. Wajumbe wote wanajua anakoishi Katibu na wanajua yuko na nani. Muuguzi aliangalia sakafu.

Mtoto aliita tena: "Babu?"

Katibu alijibu kwa nomino, kwa kuwa hana kingine. Alimwangalia kila mjumbe na kumtaja kwa Kiingereza, mmoja baada ya mwingine: fundi bomba, mshonaji, muuguzi, maziwa. Muuza Maziwa alilalamika kwa sauti kwamba yeye si maziwa. Mtoto aliisikia sauti hiyo ya mtu mwingine, akauliza kitu. Fundi Bomba alisema mtoto anataka watajwe tena. Katibu alitaja tena, na safari hii kila aliyetajwa alisogea na kuitikia kwenye simu, Mwenyekiti kwa nguvu kupita kiasi. Mtoto alicheka. Alimwita mama yake, akawa anamhesabia: fundi bomba, mshonaji, muuguzi, maziwa. Sauti ya mkwe ilisikika ikisema jambo fupi. Fundi Bomba, alipoulizwa, alisema hakulipata vizuri, ila mama alikuwa akishukuru.

Simu ilikatika bila mtu kulia upande wa kule.

Muuguzi alimuuliza Katibu: "Kwa hiyo umemwambia unaishi na sisi?"

Katibu alieleza kwamba alijibu kwa alichokuwa nacho.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mjumbe anayetaka azimio la KUMB. NA. 4/7 lijadiliwe upya. Muuza Maziwa alisema hata likijadiliwa, marobota yanakuja. Hakuna aliyempinga. Azimio limebaki lilivyo.

Muuguzi alisema Jumapili ijayo yuko zamu. Mwenyekiti alisema ana nguo za harusi za kumaliza. Katibu alisema anaelewa, wasijisumbue, mtoto akiuliza atamwambia wametoka. Kisha alikumbuka kwamba hawezi kumwambia wametoka, kwa kuwa hicho ni kitenzi.

Fundi Bomba, akikusanya vyombo vyake, alisema kwamba Jumapili ijayo, saa ya simu, atapita nyumbani kwa Katibu kuangalia bomba. Katibu alieleza kwamba bomba lake halina tatizo lolote. Fundi Bomba alisema atakuja kuliangalia hivyo hivyo.

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA KIKAO

Kwa kuwa hapakuwa na la kuongeza, Mwenyekiti aliwaruhusu wajumbe kuondoka saa kumi na moja na robo jioni. Walitoka mmoja mmoja.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa sahihi:

................................
Mama Cherehani
MWENYEKITI

................................
Mpanga barua mstaafu
KATIBU