Shati Lake Lipigwe Pasi

Kaka,

Huku hatujambo, ila paa la jikoni linavuja na mgongo wangu haunipi raha. Hayo tuyaache.

Jana nilikwenda maktaba kuona chumba walichomfungulia Baba. Fidla yake iko kwenye kabati la kioo, inang'aa kuliko alivyowahi kuing'arisha yeye. Pembeni yapo masanduku ya nyimbo, na kila moja limebandikwa: “Mwandiko wa mtunzi mwenyewe.”

Mtunza nyaraka, mtu mpole, akanionyesha ukurasa mmoja. “Hapa pembeni ameandika ‘shati lake lipigwe pasi’,” akasema. “Tunadhani ni fumbo.”

Fumbo gani, Kaka? Huyo ni Mama, anatunga wimbo huku anakumbuka pasi. Baba alipiga fidla mpaka watu wakalia, simnyimi haki yake, lakini hakujua kuandika nota hata moja ya muziki. Wewe unalijua hilo. Wewe ndiye uliyekuwa ukimchongea Mama penseli.

Nikauliza nani alithibitisha mwandiko. Wakaniletea fomu yenye sahihi yako.

Nikasema nataka kusahihisha, wakanipa penseli, maana mle ndani wino ni marufuku. Nikawarudishia. Penseli inafutika.

Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwa wino. Nakala yake naipeleka kesho asubuhi, na mtunza nyaraka ameahidi kuiweka kwenye sanduku la kwanza, juu ya sahihi yako.

Mdogo wako,
binti wa mtunzi