Zuhura hatapeleka kinu chuoni

Jumanne

Zuhura wangu kapata chuo kikuu. Mtaa wetu wa Sofu mzima wanajua, hata wasiouliza.

Leo nimemfungia mizigo: ndoo, pasi, kinu na mchi wake. Akacheka. "Mama, chumba tunalala wanne, na kupika marufuku." Haya, kinu kibaki. Ila asile chipsi kila siku, akianika nguo asiziache peke yake, na asione haya kuuliza njia. Mimi wa darasa la saba namfundisha chuo.

Ninachoogopa ni aumwe halafu anyamaze ili nisihangaike. Nimemwambia hivyo hivyo.

"Nitakupigia hata nikipiga chafya, mama. Ila usije kunisindikiza na mashangazi wote wa Kibuta."

Basi watamuagia hapa nyumbani. Dua tunaisoma Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini.