Ambreyaji Niliichoma Minye, Aliyefukuzwa ni Tantine

Mama Germaine, minye naitwa Clovis, niko hapa Likasi, naomba unisikilize mpaka mwisho mbele ya kunihukumu, juu hii neno inaninyima hamu ya chakula.

Niko na motokari ya zamani, na kila Jumamosi nilikuwa nampeleka Tantine Marcelline, dada ya baba yangu, mwenye alinilea tangu mama alipokufa, kuchukua samaki wa kukauka kule ziwa Tshangalele. Tangu mwezi wa saba, tukirudi na mifuko, tukifika kwenye mulima moteri inalia kwa nguvu lakini motokari haiendi, na harufu ya kuungua inajaa ndani, lakini nikiwa peke yangu mjini inatembea muzuri, basi kaka yangu Didier, mwenye kuongoza maombi nyumbani, akasema, "Clovis, fungua macho, motokari inakufa tu wakati huyu mama amepanda," na bibi yangu wa ndoa Émérence akasema hata yeye alikuwa anawaza vile, bantu wa maombi wakafunga kula siku tatu, Tantine akaulizwa mbele ya wote kama iko na buloji, ule uchawi wa kuharibia bantu, akajibu, "Minye niko na samaki," wakasema anamucheka Mungu. Wakamuambia atoke kwetu, basi Tantine akafunga mizigo yake, akaenda kuishi kwa dada yake kando ya ziwa.

Juma lililopita nikaenda kwa fundi Pitshou. Akapanda, akaniambia niendeshe, naye akatazama miguu yangu tu. "Vieux, mguu wako wa kushoto unalala juu ya pedale ya ambreyaji, ile klachi. Diski imekwisha. Ni weye uliikula."

Na minye nimejisifu kwa familia yote kwamba naendesha tangu miaka kumi na miwili! Sijaambia muntu. Nimefikiri nibadilishe diski kimya kimya, halafu niseme maombi yamejibiwa, Tantine arudi, kila muntu afurahi. Nitakosea?

*

Clovis, utakosea, tena vibaya. Ukisema maombi yameponya motokari, umesema pia kwamba kulikuwa muloji ndani yake. Tantine atarudi akiwa mchawi aliyeombewa, na siku mutoto akipata homa watamtazama yeye tena. Aibu yako naielewa, hakuna mwanaume anayependa kuambiwa hajui kuendesha. Lakini mama aliyekulea amefukuzwa kwa kosa la mguu wako, na weye ulikaa kimya.

Pitshou amesema kweli. Nimeendesha kamyo ya mizigo miaka tisa, harufu hiyo naijua. Mguu ukikaa juu ya pedale, diski haibanwi sawasawa, inateleza, inapata moto, inakwisha. Mjini bila mzigo bado inashika kidogo. Mlimani na mifuko inashindwa. Samaki ni wazito, Clovis. Hakuna siri nyingine.

Usitengeneze bado. Jumapili baada ya ibada, waite Didier, Émérence na wale waliofunga. Mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, tia vitesi, ile gia, ya tatu, achilia pedale polepole. Motokari yenye ambreyaji nzima ingezimika. Yako itaendelea kunguruma. Kisha mpakie Didier na mifuko minne ya unga, mpande mlima uleule. Harufu ikianza, simama, useme: "Tantine hayumo. Ni mguu wangu." Shetani usimtaje kabisa.

Ndipo umpelekee Pitshou motokari. Abadilishe diski, plato inayoibana na bite, ile beringi inayosukuma plato, vyote pamoja, kwa maana kufungua geabokisi mara mbili ni ujinga. Aangalie kama mafuta ya moteri yanavujia pale, kwani diski mpya ikilowa itateleza vilevile. Aache pedale iwe na nafasi kidogo ya kucheza. Na weye, ukishabadilisha vitesi, mguu uweke chini.

Kwa Tantine usimtume mtu, wala usipige simu. Motokari ikiwa bado kwa fundi, pandeni taxi-bus, weye na Didier. Mukianza kumueleza habari ya diski kabla ya kumuomba musamaha, atawafungia mlango, na minye nitasema amefanya vizuri. Asipotaka kurudi, hiyo ni haki yake. Mumuombe musamaha vilevile, halafu murudi bila yeye.