Hamira Inabaki na Nini

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu. U hali gani, na mgongo je? Natumaini umeacha ubishi na unalalia godoro gumu kama daktari alivyokuagiza. Sisi huku hatujambo. Mwanao anakula vizuri, na miguu yake imeshavishinda viatu ulivyomnunulia.

Nina habari njema, ila nitakupa taratibu. Unakumbuka ulivyomleta: mkono una bendeji kwa sababu ya yale maji ya moto ya birika yaliyommwagikia jikoni kwako, na mdomo umefungwa kuliko mkono. Yule Bibi Maswali wetu, aliyekuuliza mambo mpaka ukajifanya umesinzia, hakuuliza kitu tena. Mkono ulipona, lakini kitu chochote kikianza kuchemka alitoka jikoni. Hata chai yangu niliichemsha yeye akiwa nje.

Juzi darasani kwangu ilikuwa zamu ya lile jaribio la povu. Nilimwambia anaweza kukaa maktaba, akatikisa kichwa, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango. Nikafungua madirisha, nikasimamisha chupa ndani ya beseni pana, nikavaa glavu, na sote tukavaa miwani ya kukinga macho. Niliwaeleza kwamba iliyomo chupani ni haidrojeni peroksaidi, ile nyepesi ya duka la dawa, kwa sababu ile kali inaunguza ngozi. Nikawaonya kwamba chupa haizibwi kamwe, maana gesi ikikosa njia itaipasua, na kwamba hakuna wa kuinama juu yake.

Nikatia sabuni ya maji, kisha nikamimina hamira niliyoikoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Povu likapanda likamwagika hadi beseni likawa halionekani. Mchekeshaji wa darasa akauliza kama anaweza kunyolea ndevu. Nikamjibu aziote kwanza, halafu povu hili haliguswi kwa mkono mtupu, maana dawa nyingine bado imo. Nikawafafanulia kwamba ndani ya hamira mna kichocheo, nacho kinaifanya dawa ivunjike upesi iwe maji na oksijeni. Sabuni inaidaka oksijeni, ndiyo povu, na joto linatoka humo humo bila moto.

Hapo nikasikia sauti kutoka nyuma. Mwanao aliuliza, kama dawa inageuka maji na hewa, hamira yenyewe inabaki na nini. Kaka, hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu umlete. Nilimjibu kwamba kichocheo hakimaliziki. Kinasaidia vingine vibadilike, chenyewe kinabaki kama kilivyokuwa. Akaja mbele, akaomba glavu, akaishika chupa ubavuni. Akasema ina joto, na mkono hakuuondoa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani alizungumza njia nzima. Anasema jiko la baba halina sheria, ndiyo shida yake tu. Atakuja kuzibandika ukutani, na ya kwanza ni kwamba mdomo wa birika utazame ukuta. Nawe utanunuliwa miwani, utake usitake.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Wewe umedhani miezi yote hii kwamba anakuogopa. Yeye alidhani ulimleta kwangu kwa sababu huwezi kuutazama mkono wake. Njoo uutazame, Kaka. Anataka kurudi nyumbani.

Na mimi nikwambie langu. Nilishaanza kumwita mwanangu mbele ya walimu wenzangu. Kuna siku nilimwomba Mungu aniwie radhi, kwa sababu nilitamani asipone haraka. Sasa amepona, na nimelia kidogo, lakini zaidi ya kulia ninashukuru. Asante kwa kuniamini ukanikabidhi kitu chako cha thamani kuliko vyote wakati mwenyewe ulikuwa umevunjika moyo. Lile jibu nililompa darasani ni la hamira. Shangazi yake hakubaki kama alivyokuwa.

Muhula ukifungwa, njoo umchukue. Njoo na viatu vikubwa. Wasalimie majirani, hasa yule fundi cherehani aliyekimbia kuleta barafu siku ile ya birika.

Naishia hapa kwa kuwa ninaitwa mezani. Chai imeiva, na aliyeichemsha ni yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Shangazi wa Bibi Maswali