Msimamizi wa Chumba cha Kufulia

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uko mzima, na goti limetulia baada ya ile dawa ya kuchua. Mimi sijambo, ila mikono yangu siku hizi inanuka sabuni hata siku ya mapumziko.

Nina habari. Matroni ameniteua kuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hapa hospitalini. Watu kumi na mmoja, mashine nne, na mashuka ya wodi zote. Aliyetarajiwa kupewa ni mama mmoja anayepiga pasi, tunamwita Bibi Pasi. Ana miaka ishirini na sita kazini. Nilipotangazwa alisema bila hata kuinua macho, "Mimi nafua hapa tangu wewe unanyonya." Hakudanganya.

Najua ulitamani nimalize chuo cha uchungaji nije nishike mimbari yako. Lakini niliomba kabla ya kukubali, baba, na moyo ukatulia. Na wewe niombee.

Mwanao,
Kitinda

15 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Goti linanikumbusha umri wangu kila nikiona ngazi. Mama yako hajambo, anakusalimu sana, na anasema ujipake mafuta mikononi.

Hongera kwa cheo. Ila sitakuficha: kufua ni kazi ya heshima, lakini wito ni kitu kingine. Huu mwaka wa nne namwomba Mungu akuite. Nimezungumza na mkuu wa chuo, nafasi yako bado ipo. Fikiria, mwanangu.

Baba yako, mchungaji

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Habari za mama, habari za kanisa? Nisamehe kwa kimya. Barua yako niliisoma mara tatu nikairudisha kwenye bahasha. Leo nina la kukueleza, na si la kujivunia.

Wiki mbili zilizopita niliwasha mashine ya kukaushia, nguo za chumba cha upasuaji zikiwa ndani. Nikaitwa kwenye simu. Niliporudi, chumba kizima kinanuka kuungua. Nilikuwa nimeweka joto la mablanketi. Nguo zote zikawa za kutupa, na wagonjwa watatu waliokuwa wamefunga kula tangu jana yake wakasubiri hadi alasiri ndipo wapasuliwe.

Matroni alishuka mwenyewe. Akamtazama Bibi Pasi aliyekuwa karibu na mashine, akasema, "Mama, umri umeanza kukuchezea." Bibi Pasi akanitazama mimi. Nikageuka nikaanza kuhesabu nguo zilizoungua, baba. Jioni ile akapewa barua ya onyo, na mimi, msimamizi wake, ndiye niliyemkabidhi.

Nilikwenda nyumbani nikapiga magoti, nikainuka bila kuomba. Utamwambia nini Mungu, wakati kuna mtu hujamwambia? Asubuhi nikapiga moyo konde, nikaenda kwa matroni kabla hajavua koti. Kisha nikawakusanya wenzangu wote kumi na mmoja nikasema: joto niliweka mimi, na jana nilinyamaza kwa woga. Nikamwomba Bibi Pasi msamaha mbele yao.

Barua yake ya onyo ilichanwa, nikaandikiwa yangu. Siku tatu kila nilipomtuma aliendelea kupiga pasi. Siku ya nne akasogea, akanionyesha jinsi ya kusikiliza mlio wa mashine inapozidiwa na joto. Akasema, "Sasa ukinituma, nitakwenda."

Ndivyo ilivyokuwa. Kama bado unaona sijapata wito, sitabishana nawe.

Mwanao,
Kitinda

21 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na samahani. Barua yako imekaa mfukoni mwa koti langu wiki sita. Nilitaka kukujibu kwa mahubiri, lakini kila nikianza naishia kuchana karatasi.

Unakumbuka mwaka jana harusi mbili zilikutana mlangoni mwa kanisa, Jumamosi moja, saa ileile? Mabibi harusi wawili wanatazamana shela kwa shela. Niliwaambia wazazi kwamba katibu wetu kachanganya tarehe. Katibu akainamisha kichwa, akawaomba radhi. Tangu hapo watu wanamtania: mwulize tarehe mara mbili.

Tarehe niliandika mimi, Kitinda.

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, nililisema hilo mbele ya kanisa zima. Nilishuka ngazi za mimbari bila kukumbuka goti. Katibu alinisubiri nje. "Mchungaji, nilijua," akasema. "Daftari lina mwandiko wako." Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema, "Nilitaka uliseme mwenyewe. Nilikuwa nakuombea." Tulipofika nyumbani mama yako akasema leo amemsikia yule mchungaji aliyemuoa.

Miaka minne nimemwomba Mungu akuite. Sikuwahi kumuuliza kama ameshakuita. Nimemwambia mkuu wa chuo nafasi ile ampe mwingine.

Baba yako

3 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Pale pa mabibi harusi nilimsomea Bibi Pasi, akacheka mpaka akakalia furushi la mashuka. Anauliza ni nani aliyetangulia kuingia. Tafadhali mjibu, hanipi raha.

Leo wodi ya wazazi iliishiwa mashuka, na mbebaji wetu anaumwa. Nikapeleka mengine mwenyewe yakiwa bado na joto la pasi. Mama mmoja aliyejifungua alfajiri alitandikiwa, akamlaza mwanawe juu ya shuka. Mtoto akajinyoosha, akapiga miayo, akalala. Mama yake hakuuliza nani kafua, wala mimi sikusema.

Nimeshuka ngazi naimba, baba. Wenzangu wamenidakia kiitikio kabla sijafika mlangoni.

Mwanao,
Kitinda